Laptopu imegoma baada ya kubadilishwa prosesa: soma dalili, usitupe ya zamani

Laptopu nyingi za mitumba unazozikuta hapa Zanzibar, Darajani, Mlandege na hata Chake Chake, zilianza kazi katika ofisi za Ulaya: Dell Latitude E6420 na E6430, HP EliteBook 8460p na 8470p, ThinkPad T420 na T430. Ni mashine za kati ya 2011 na 2013, zenye mwili mgumu, na zina jambo ambalo laptopu za leo hazina: prosesa yake, ile chipu inayofanya hesabu zote, inatoka. Ukifungua kifuniko cha chini na kuinua kipoza joto, utaikuta imekaa kwenye soketi, inashikiliwa na skrubu moja ya plastiki. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye i3 iliyochoka, prosesa ya Intel ya daraja la chini, huambiwa kwamba kwa pesa kidogo anaweza kuweka i7, ya daraja la juu. Ni kweli anaweza. Kazi huja pale mashine inapofungwa, kitufe kinabonyezwa, na kimya. Au inawaka kisha inazima. Au inawaka vizuri lakini inajikokota kuliko jana.

Nitazipitia dalili moja baada ya nyingine. Kabla ya hapo nina ombi moja, na ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote: prosesa ya zamani usiiuze, usimwachie fundi kama sehemu ya malipo, wala usiiweke kwenye droo pini zikiangalia popote. Iweke ndani ya kijiboksi cha plastiki kilichokuja na ile mpya. Hicho ndicho kifaa cha kupimia ambacho kila mtu anacho na wengi hawajui kuwa wanacho. Swali la kwanza kwa karibu kila dalili hapa chini ni hili: ukirudisha ya zamani, mashine inapona? Ikipona, ugomvi uko kati ya prosesa mpya na bodi. Isipopona, tafuta kilichoguswa njiani: waya, pini, RAM, umeme.

Kwanza, hakikisha prosesa ndiyo mgonjwa

Dalili ya "laptopu nzito" ina sababu nyingi, na prosesa mara nyingi si ya kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati mashine imekwama na uangalie asilimia zilizo juu ya dirisha. Kama diski inasoma 100 na prosesa inasoma 15, i7 haitakusaidia kitu. Unahitaji kutoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, diski isiyozunguka, ya inchi 2.5, na laptopu hizi zote zinaipokea. Kama kumbukumbu imejaa, ongeza RAM. Mashine zenye prosesa za Intel za kizazi cha pili hadi cha nne (namna ya kukijua kizazi iko hapa chini) na nafasi mbili za RAM hukubali GB 16, yaani mbili za GB 8 kila moja.

Kama prosesa ndiyo iliyokaa juu ya 90 kwa muda mrefu, na diski imetulia, basi endelea. Lakini angalia unatoka wapi kwenda wapi. Kutoka i5-3320M kwenda i7-3520M ni kutoka kasi ya juu ya GHz 3.3 kwenda 3.6, na zote mbili zina viini viwili, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Kwa maoni yangu hiyo ni pesa ya kutupa. Mabadiliko ya kweli ni kutoka viini viwili kwenda vinne, kwa mfano i7-3632QM. Na hata hapo sema ukweli na kazi yako. i7-3632QM hufika GHz 3.2 tu, chini kidogo ya ile i5, kwa hiyo anayeandika ripoti na kufungua barua pepe hataona tofauti. Anayekata video za harusi, anayechora ramani za majengo au anayeendesha mashine pepe za masomo, huyo ataiona siku hiyo hiyo.

Haiwaki kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Hii inatisha zaidi ya zote, ila mara nyingi ndiyo nyepesi. Prosesa isiyokubaliwa na bodi kwa kawaida huacha taa ziwake na feni izunguke japo kidogo. Ukimya kamili humaanisha umeme haufiki au kitufe hakisikiki. Angalia kwanza utepe mwembamba wa kibodi au wa kitufe cha kuwashia, ule uliouchomoa ili kifuniko kitoke. Kama kilango chake hakikufungwa, kitufe hakina njia ya kufikisha amri. Kisha ondoa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, rudisha chaja peke yake na ujaribu tena.

Bado kimya? Fungua tena na uangalie skrubu. Laptopu hizi zina skrubu ndefu na fupi, na ndefu ikiingia tundu la fupi hugusa bodi kwa chini. Nimeona bodi iliyorudi uhai kwa kutoa skrubu moja tu iliyokaa pasipo pake. Kwa hiyo unapofungua, chora umbo la laptopu kwenye karatasi na ubandike kila skrubu mahali pake kwa gundi ya karatasi.

Halafu soketi yenyewe. Kufuli yake ni ile skrubu ya plastiki yenye alama ya kufuli lililofungwa na lililofunguka. Inazungushwa nusu duara kwa bisibisi bapa. Prosesa inatakiwa ianguke yenyewe mahali pake, bila kusukumwa hata kidogo, pembe yake yenye pembetatu ya rangi ya dhahabu ikilingana na pembe iliyowekewa alama kwenye soketi. Aliyesukuma amepinda pini. Itoe, iinamishe kwenye mwanga na uangalie safu za pini kwa pembeni: iliyopinda hujionesha kwa kuvunja mstari. Inanyooshwa taratibu kwa ncha ya penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5 iliyotolewa risasi: unaivisha pini na kuirudisha wima. Ikivunjika, basi tena, prosesa hiyo imekwisha.

Prosesa ya zamani ikirudi na mashine ikawaka, umejua kwamba kazi ya mikono yako ni nzima. Nenda dalili inayofuata.

Taa zinawaka, feni inazunguka, kioo cheusi

Hapa ndipo penye mambo mengi, na nitakaa.

Ondoa yaliyo rahisi kwanza. RAM iliyoguswa wakati wa kazi huleta dalili hii hii. Itoe, ipulize, ibonyeze hadi ndoano za pembeni zishike zenyewe, na ujaribu kipande kimoja kimoja. Wenye HP za miaka ile wana bahati, kwani taa ya herufi kubwa kwenye kibodi huhesabu kosa: ikikonyeza mara moja moja na kupumzika, mashine inalalamikia prosesa, ikikonyeza mara mbili, ni BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoamsha mashine kabla ya Windows, mara tatu, ni RAM. Wengi huifunika mashine kabla hawajaziangalia taa hizo.

Kama RAM ni nzima, tatizo ni makubaliano, na makubaliano yana ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni soketi. Prosesa za Intel za kizazi cha kwanza hukaa kwenye soketi G1, za pili na tatu kwenye G2, za nne kwenye G3. G1 na G2 zinafanana sana kwa macho, na muuzaji asiyejua atakupa ya kwanza badala ya pili kwa sababu zote zimeandikwa i5. Soma namba nzima. Yenye tarakimu tatu, kama i5-520M, ni kizazi cha kwanza. Zenye tarakimu nne huanza na namba ya kizazi chake, 2520M ni cha pili, 3320M cha tatu, 4300M cha nne. Kuanzia kizazi cha tano prosesa za laptopu za Intel zimechomelewa kwenye bodi, hakuna cha kutoa. Na hata kabla ya hapo, herufi ya mwisho ndiyo inayosema: U na HQ zimechomelewa, M, QM na MQ kwa kawaida ndizo za soketi. Nasema kwa kawaida kwa sababu baadhi, kama hiyo i7-3632QM, zilitoka kwa namna zote mbili, na muuzaji wa mbali anaweza kukutumia ile isiyo na pini. Omba picha ya upande wa chini kabla ya kulipa. Prosesa inayopanda boti kutoka Dar hadi Malindi au Mkoani hairudi bure.

Majina ya laptopu nayo yana mitego. ThinkPad T440p ina soketi. T440 na T440s hazina. Dell E6440 inayo, E7440 haina. HP ProBook 640 G1 inayo. EliteBook 840 G1, ya wakati ule ule, haina. Tofauti ya herufi moja kwenye stika ndiyo tofauti ya kazi kuwezekana au la.

Ngazi ya pili ni chipseti, chipu ya bodi inayounganisha prosesa na vifaa vingine, na hapa ndipo wanapoumia hata wanaojua soketi. G2 ni ya kizazi cha pili na cha tatu, lakini si kila bodi yenye G2 inakubali vyote viwili. ThinkPad T420, Dell E6420 na HP 8460p zina chipseti QM67, na QM67 haikubali kizazi cha tatu. Utaiweka i7-3632QM, itaingia kwenye soketi bila ubishi, kufuli itafunga, feni itazunguka, na kioo kitabaki cheusi milele. Kwa mashine hizo ukomo wako ni kizazi cha pili, mfano i7-2640M yenye viini viwili au i7-2670QM yenye vinne na wati 45. T430, E6430 na 8470p zina QM77, na hizo ndizo za kizazi cha tatu. Ukitaka kujua yako bila kufungua kitu, weka programu ya CPU-Z wakati prosesa ya zamani bado inafanya kazi. Ukurasa wa bodi huonesha chipseti na toleo la BIOS kwa pamoja.

Ngazi ya tatu ni hiyo BIOS. Bodi inaweza kuwa na uwezo wa kuendesha prosesa, lakini BIOS ya zamani haijawahi kutambulishwa kwake. Dawa ni kuisasisha kwa faili kutoka tovuti ya mtengenezaji, kwa namba kamili ya modeli yako. Na huwezi kuisasisha kwa kioo cheusi. Lazima urudishe prosesa ya zamani, uwashe, usasishe, uzime, kisha uweke mpya. Aliyeiuza ya zamani hapa amekwama njiani.

Usasishaji wa BIOS hauvumilii umeme kukatika. Kisiwa cha Unguja kilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009, na ingawa mambo yamebadilika, hakuna anayekuahidi dakika kumi za umeme usiokatika. Betri ya laptopu ndiyo kinga yako: ijaze, acha chaja imechomekwa, na kama betri imekufa azima nzima ya modeli hiyo hiyo. Programu nyingi za usasishaji hukataa kuanza bila betri na chaja kwa pamoja, na watu hutafuta njia za kuilazimisha. Usiilazimishe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data, isitishe kwanza, la sivyo mashine itakudai ufunguo mrefu wa kurejesha ambao mwenye ofisi ya Ulaya hakukuachia. Na kama BIOS ina nenosiri la ofisi hiyo ya zamani, jua hilo kabla ya kununua prosesa, kwani ni kizuizi kigumu kuliko vyote nilivyotaja.

Kuna jambo jingine linaloleta kioo cheusi: prosesa za majaribio, zile zilizotolewa na Intel kwa watengenezaji kabla ya bidhaa kuingia sokoni. Bei yake huwa chini ajabu. Juu yake huandikwa Intel Confidential, na msimbo wake huanza na Q badala ya SL au SR. BIOS nyingi za laptopu hazizitambui. Ukiiona, rudisha.

Mwisho wa dalili hii, jambo la kutuliza moyo: mara ya kwanza baada ya kubadilisha prosesa, mashine inaweza kuwaka, kuzima yenyewe na kuwaka tena kabla picha haijatokea. Ipe dakika mbili tatu kabla ya kuanza kulia.

Inazima yenyewe baada ya nusu saa

Ikizima baada ya dakika 30, kila mara, hata ukiwa hufanyi kitu na mashine ni ya baridi, usibadilishe pesti ya kupitisha joto wala feni. Kuna chipseti iitwayo HM70, iliyowekwa kwenye laptopu za bei ya chini zilizouzwa zikiwa na prosesa za Celeron au Pentium. Ina soketi ile ile ya G2. Ukiweka i3, i5 au i7, inawaka, inafungua Windows, inakufurahisha, kisha inazima ikitimia nusu saa, kwa sababu Intel iliifunga isifanye kazi na prosesa za familia ya Core. Rudisha Celeron yake na itakaa siku nzima. Hakuna mpangilio wa BIOS wa kuiondoa hali hiyo. Kilichobaki ni kuuza prosesa uliyonunua na kuweka pesa kwenye SSD.

Saa ya simu ndiyo kipimo. Muda ukibadilika badilika, leo dakika saba, kesho arobaini, si HM70. Soma sehemu inayofuata.

Inazima ikipewa kazi

Tofautisha kwa muda. Joto huchukua dakika kadhaa kupanda. Umeme hauchukui muda: unafungua video nzito na papo hapo giza. Weka programu ya HWiNFO au Core Temp ikionesha nyuzi joto, fungua kazi nzito, na uangalie. Ikipanda hadi karibu na nyuzi 100 kisha ikazima, ni joto. Ikizima ikiwa kwenye 60, ni umeme.

Tuanze na joto, kwa sababu visiwani kwetu linazidishwa na mazingira. Kipoza joto humwaga joto kwenye hewa ya chumba, na hewa ya chumba wakati wa kaskazi, Januari na Februari, tayari ni nyuzi 30 na zaidi. Mashine iliyopimwa ofisini Uingereza na kuonekana imetulia, hapa inaanza mbio ikiwa nyuma. Ongeza unyevu na chumvi. Laptopu iliyokaa mapokezi ya hoteli Nungwi au Paje, nikiifungua, mapezi ya shaba yana ukungu wa kijani na kati yake pamejaa vumbi lililoshikana na mchanga mweupe laini. Feni inazunguka lakini hewa haipiti. Kupuliza kwa nje hakutoshi. Feni ifunguliwe, na ule mkeka wa vumbi kati ya feni na mapezi utolewe kwa mkono.

Sasa upande wa kazi uliyoifanya. Prosesa ya laptopu haina kifuniko cha chuma juu. Kipande cha silikoni kinachong'aa katikati kiko wazi, na kipoza joto hukaa moja kwa moja juu yake. Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Ile spiriti ya buluu ya jiko huacha utando, iepuke. Pesti mpya iwe kiasi cha punje ya mchele, ilale kwa urefu wa silikoni. Dawa ya meno, ambayo bado kuna watu huishauri, hukauka kwa siku chache na kuacha hali mbaya kuliko mwanzo. Skrubu za kipoza joto zimeandikwa namba 1 hadi 4 kwa sababu: kaza kwa mfuatano huo, kidogo kidogo kwa zamu, na wakati wa kufungua rudi kinyumenyume. Ukikaza moja hadi mwisho huku nyingine zikiwa hewani, kipoza joto hulala upande, na pembe ya silikoni inaweza kumeguka. Na zile pedi laini zinazokaa juu ya chipu nyingine zisibadilishwe kwa pesti. Unene wake ndio unaojaza nafasi.

Yote yakiwa sawa na joto bado liko juu, tazama wati. i5-3320M ni wati 35. i7-3740QM ni wati 45, i7-4700MQ ni 47. Kipoza joto chenye bomba moja la shaba kilichotengenezwa kwa wati 35 hakiwezi kugeuka. Ndiyo maana kwa T430 na E6430 ninapendekeza i7-3612QM au 3632QM, ambazo zina viini vinne kwa wati 35 zile zile, na kwa kizazi cha nne i7-4702MQ ya wati 37. Zinauzwa ghali kidogo kuliko zile za wati 45, na kwa hali ya hewa yetu zinastahili tofauti hiyo. Kama umeshanunua ya wati 45, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na ushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100 hadi 99. Hiyo huzima ile kasi ya ziada, joto hushuka sana, na viini vinne unabaki navyo.

Upande wa umeme, soma chaja. Chaja za Dell na HP za 19.5V zenye 3.34A au 3.33A ni za wati 65, zenye 4.62A ni za wati 90. Lenovo za 20V ni 3.25A na 4.5A. Prosesa ya viini vinne inataka ile ya wati 90. Na kama betri imekufa au umeiondoa, hakuna wa kuchangia pale mashine inapovuta kwa ghafla, basi huzima. Wengi hapa hutumia laptopu bila betri miaka nenda rudi. Kwa i3 ilikuwa inapita, kwa i7 haipiti.

Inawaka, inadumu, lakini ni nzito kuliko zamani

Fungua tena CPU-Z na uangalie kasi wakati kazi nzito inaendelea. Ikiwa imeganda kwenye GHz 0.8 kwa kizazi cha pili, au 1.2 kwa cha tatu, na haipandi hata kidogo, prosesa imefungwa breki, na aliyefunga mara nyingi ni chaja. Dell huongea na chaja yake kupitia pini nyembamba ya katikati. Chaja ya bandia, au ya asili iliyokatika uzi huo, hutoa umeme lakini haitambuliki. Wakati wa kuwasha hutokea onyo kwamba aina ya chaja haijulikani, betri haijai, na prosesa hubaki kasi ya chini kabisa. Mtu hubonyeza kitufe kupita onyo hilo kila siku kisha anailaumu i7. Azima chaja ya asili kwa jirani, dakika tano zinatosha kujua.

Breki ikija baada ya dakika kadhaa badala ya mwanzoni, ni joto tena, halijafika kiwango cha kuzima lakini limefika cha kupunguza kasi.

Na rudisha prosesa ya zamani kama bado una shaka. Ikiwa nayo imeganda kwenye kasi ile ile ya chini, mpya haina hatia.

Mengine madogo yanayotokea baada ya kufunga

Tovuti zote zinakataa kufunguka na kivinjari kinaonya juu ya usalama: angalia tarehe. Betri ndogo ya CR2032 ilichomolewa au imekwisha, saa imerudi miaka nyuma, na vyeti vya tovuti havikubaliki. Sahihisha saa, na ikipotea tena ukizima, nunua betri hiyo mpya.

WiFi ilikuwa inashika chumba cha nyuma na sasa haishiki hata sebuleni: nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe, hazikurudishwa kwenye kadi. ThinkPad ikiandika kosa la feni kabla ya kuwaka, waya wa feni haukuchomekwa au umebanwa. Rangi za kioo zikiwa za ajabu ndani ya Windows tu, sakinisha upya dreva ya picha, kwa sababu picha sasa inatoka ndani ya prosesa tofauti.

Windows 11 bado inakataa

Hili naliuliziwa zaidi ya mengine yote tangu Windows 10 ilipokoma kupata masasisho ya kawaida, 14 Oktoba 2025. Mtu amebadilisha i3 kuwa i7 akitarajia onyo la kutokufaa liondoke, na halijaondoka. Halitaondoka. Kwa upande wa Intel, Windows 11 huanzia kizazi cha nane, na hakuna prosesa ya kizazi cha nane inayoingia kwenye soketi G2 wala G3. Kama hilo ndilo lengo lako, pesa ya i7 iweke akiba kwa laptopu nyingine. Kama lengo ni mashine nyepesi kwa masomo na kazi, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, hukaa vizuri juu ya T430 yenye viini vinne, GB 8 na SSD, na dreva zake karibu zote zinakuja nayo. Ijaribu kwanza kutoka kwenye fleshi bila kufuta kitu, WiFi, sauti na kamera vyote, ndipo uamue.